Subana tatu, kidole kimoja: kisa cha mshona kofia

Wifi yangu alinipigia simu Shaabani ya mwaka jana, zimebaki kama wiki tatu tuingie Ramadhani, akasema sindano haishikiki tena. Alikuwa na oda ya kofia nne za viua za sikukuu. Mbili alikuwa amefika nusu, mbili hajazigusa, na kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba kama kitumbua. Nilidhani anatia chumvi. Nilipofika jioni nikamkuta barazani, kidole kimefungwa kitambaa cha manjano na mafuta ya nazi, sura imemkunjamana.

"Subana ninazo tatu," akasema kabla sijatia neno. "Usije ukaniambia nivae subana, wifi."

Nami ndilo nililokuwa nimekuja nalo.

Subana ni kile kikofia cha kidole ambacho mshonaji husukumia sindano. Wengine wanakiita tondoo, na wapo wanaosema kastabini, neno lililotoka Uajemi likapita Uarabuni mpaka kwetu, na asili yake ni mlinzi wa kidole. Mimi nashona nguo za kina mama, nyingi kwa cherehani, kwa hiyo subana yangu hufanya kazi kwenye mapindo tu. Kazi ya wifi ni nyingine kabisa, na kwa kutolijua hilo nikakosea mwanzoni.

Kofia ya viua hushonwa kwenye bafta nyeupe iliyopandishwa tabaka mbili. Zipo sehemu mbili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, na zote hutariziwa zikiwa bapa kabla ya kuunganishwa. Anayechora nakshi huwa mtu mmoja, anayeshona mwingine, na pengine anayeunganisha ni wa tatu. Mshonaji hutoboa tundu dogo kwa ncha, kisha huzungushia uzi ukingoni mpaka tundu lisimame lenyewe, duara, gumu, bila nywele za kitambaa. Hicho ni kiua kimoja. Kofia nzima ina mamia yake, na baina yake kuna mishono mingine ya kubana tabaka mbili zishikane. Kofia moja ya mkono inakula wiki, pengine miezi, kwa sababu hushonwa baina ya kupika na kuosha watoto. Sasa hesabu mwenyewe: kila kiua sindano inaingia na kutoka mara kadhaa, na kila inapoingia lazima kitu kiisukume kwa nyuma. Kitako cha sindano nyembamba hakifiki hata milimita moja. Nguvu yote ya mkono inaishia hapo, na kwa wifi hapo palikuwa nyama tupu.

Siku ile hatukuzungumza subana hata kidogo. Kidole kilikuwa na mdudu, pembeni mwa ukucha pameiva na panapwita. Nilimwambia aache manjano aende kituo cha afya, maana usaha ukishakusanyika haupotei kwa kuukandika dawa. Wakaupasua, akapewa vidonge, akaambiwa asishone siku kumi. Siku kumi ndani ya Shaabani! Nyumba nzima ilikuwa kama ina msiba. Lakini ndizo zilizonipa nafasi ya kuziangalia zile subana tatu kwa utulivu.

Ya kwanza ilikuwa ya bati jepesi, aina inayouzwa pamoja na vifungo na zipu. Kwa ndani imechapwa 18. Wifi alikuwa ameibandika vipande vya plasta ndani isimchezee, na plasta ikaloa jasho, ikatoka gundi, ikawa inateleza zaidi ya mwanzo. Ya pili ilikuwa ya plastiki, imetoka kwenye kipakiti cha sindano za safari. Ilikuwa na tundu kichwani, sindano imepita moja kwa moja. Hiyo haina la kujadiliwa, ni ya kuonekana dukani tu.

Ya tatu ilikuwa ya fedha. Mdogo wangu aliyeko Maskati alimletea zawadi, imechongwa maua mazuri ubavuni, na wifi akaivaa wiki moja kwa heshima ya shemeji yake, halafu akaitia kwenye kopo la vifungo. Nilipoichukua mkononi niliona mikwaruzo na vibonyeo, na kwenye ua moja palikaribia kutoboka. Fedha ni laini. Hilo limewasumbua watu wengi kabla yetu. Mwingereza mmoja, Charles Horner wa mji wa Halifax, alipata hataza mwaka 1884 ya subana yenye chuma cha pua katikati, fedha ndani na fedha nje, kwa sababu wateja walikuwa wakirudisha subana zao zimetobolewa na sindano. Aliiita Dorcas, kwa jina la yule Dorkasi wa Yafa anayesimuliwa kwenye Biblia kwamba aliwashonea wajane kanzu na nguo. Ya mdogo wangu haikuwa na chuma katikati. Ilikuwa pambo.

Kwa hiyo hukumu yangu ya kwanza ikawa nyepesi: moja kubwa, moja dhaifu, moja pambo. Mtafutie inayomkaa, yaishe.

Kipimo chake ni rahisi, na nashangaa dukani hawamwambii mtu. Zungushia uzi kidoleni pale mdomo wa subana utakapokaa, chini kidogo ya ukucha, usikaze wala usilegeze. Kata, nyoosha kwenye rula, gawa kwa 3.14. Uzi wa wifi ulikuwa milimita 50, kwa hiyo anahitaji subana ya milimita 16 mdomoni, na yeye alikuwa anavaa ya 18. Milimita mbili ni kidogo ukizisikia, ila kidoleni ni nafasi ya kuzunguka, na subana inayozunguka huwezi kuiamini, mkono unaanza kuishikilia badala ya kuitumia. Angalia lakini nambari uliyoikuta. Nyingi za Ulaya zimeandikwa kipenyo kwa milimita, 14 hadi 18 hivi. Za Marekani zina hesabu zao, 6, 7, 8 na kuendelea, wala nambari hizo hazisemi milimita.

Tena usipime asubuhi. Sisi tulipima saa kumi alasiri, kaskazi inavuma moto, vidole vimejaa. Asubuhi yake, mkono umetoka kwenye maji ya baridi, uzi uleule ulilegea kidoleni. Wifi hushona baada ya alasiri, kwa hiyo kipimo chake ni cha alasiri. Kwa anayeshona alfajiri, saizi yake ni ya alfajiri.

Nikamtafutia ya 16, chuma kizito chenye kichwa kilichoziba, imejaa vishimo kote. Siku kumi zilipokwisha akaivaa. Ikamkaa vizuri, ukikung'uta mkono haianguki, na ncha ya kidole inagusa juu bila kubanwa. Nikaondoka najipongeza.

Siku ya tatu nikapita kwake nikaikuta juu ya meza na wifi anashona kidole kitupu.

"Nzuri," akasema. "Lakini inanipofua."

Neno hilo nalisikia mpaka leo, maana ndilo lililokuwa na jibu, nami nikalipita. Nilimjibu kama tunavyojibu wote: utazoea. Hakuna aliyeanza subana akaipenda siku ya kwanza, na kidole kilichovaa chuma huwa kama kimepigwa ganzi. Yote ni kweli, ila yeye hakuwa analalamikia ugeni. Alikuwa ananiambia kwamba anaposukuma, subana haipo pale sindano ilipo.

Nililijua hilo kwa bahati tu. Nilikuwa narudisha ile ya fedha koponi, nikaipeleka kwenye mwanga nione kama inafaa kuuzwa kwa sonara. Kichwa chake kilikuwa kinameremeta kama siku iliyotoka dukani, hakuna hata doa. Vibonyeo vyote, mikwaruzo yote, na lile ua lililokaribia kutoboka, vilikuwa ubavuni, upande mmoja, kwenye mstari usiozidi upana wa punje ya mpunga. Wiki nzima ya kushona na sindano haikugusa kichwa hata mara moja.

Nikamwita. "Hebu nipe kidole."

Kovu la mdudu lilikuwa palepale, ubavuni, kando ya ukucha. Na chini ya kovu, ukipapasa, kulikuwa na sugu ngumu kama sigida ya mzee wa msikitini. Miaka yote hiyo sindano imesukumwa na ubavu wa kidole, na subana zote tulizokuwa tunamvalisha zilitengenezwa kwa ajili ya ncha.

Kesho yake tukaenda mjini kwa fundi mmoja wa kanzu na makoti, mtu mzima, anashonea kwenye kibaraza nyuma ya soko la Darajani. Hakutaka kusikia maelezo. Alimpa wifi kipande cha kitambaa na sindano.

"Shona, bibie, nikuone."

Wifi akapiga mishono kama kumi. Fundi akacheka kwa pua, akachomoa subana kidoleni mwake akaiweka juu ya meza. Ilikuwa haina kichwa, ni pete pana tu ya chuma, wazi juu na chini, na vishimo vyake vimelika upande mmoja kwa miaka.

"Wewe unashona kiume," akamwambia. "Sisi wa makoti tunasukuma hivi." Akakunja kidole cha kati kama anayebisha hodi, ukucha ukawa umetokeza juu ya pete, na kwa ubavu akasukuma sindano ndani ya tabaka nne za suti bila kukunja uso.

Mambo mawili yalieleweka palepale. Kwanza, anayesukuma kwa ncha hunyoosha kidole na kukidunga kitambaa kutoka juu, kwa hiyo anahitaji kichwa kilichoziba. Anayesukuma kwa ubavu hukunja kidole, mkono unalala juu ya kazi, mishono inakuwa mifupi na karibukaribu. Kofia ya viua haitaki mkono mwingine isipokuwa huo wa pili, maana kiua ni kidogo na sindano inazunguka ndani yake kama ng'ombe kwenye kinu. Pili, kidole kinapokunjwa, subana yenye kichwa hupinduka kidogo na mdomo wake huinuka nyuma, kwa hiyo sindano hutua kwenye ule ukanda laini wa chini usio na vishimo, ikateleza, na kuteleza kwake ni kwenye nyama. Ndiko kupofuka alikokuwa akikusema.

Vishimo, kwa jinsi hii, ndivyo subana yenyewe. Mengine ni mapambo. Kishimo kinakikamata kitako cha sindano kisiende popote, na kikiwa na kina kifupi mno, au kimelika, au nafasi yake imechukuliwa na maua kama kwenye ile ya Maskati, umevaa kipande cha chuma tu. Siku hizi kabla sijanunua napitisha kitako cha sindano juu ya ubavu wa subana palepale dukani. Kikikwama kila mahali, nanunua. Mwenye duka akinikunjia uso, naenda kwingine.

Subana wazi ina manufaa mengine ambayo sikuyategemea. Hewa inapita, kwa hiyo kidole hakichemki jasho. Mwenye ukucha mrefu anaivaa bila kuukata, na wifi, ambaye hupaka hina kila Idi, hilo lilimfurahisha kuliko yote. Pia ncha ya kidole inabaki tupu, anaweza kupapasa ukingo wa kiua na kujua uzi umekaa sawa. Kasoro yake ni kwamba ukisahau ukasukuma kwa ncha, hakuna kitu cha kukuzuia. Alijidunga siku ya kwanza mara tatu.

Fundi hakuuza yake, na sikumlaumu. Alituelekeza tulikoipata nyingine, ya chuma kilichopakwa nikeli. Niliuliza juu ya shaba akakataa: inaacha rangi ya kijani kidoleni, na rangi hiyo mwisho wake ni kwenye bafta. Chuma kisichopakwa ni kibaya zaidi kwa hewa ya chumvi kama yetu, maana kutu ikishaingia kwenye kitambaa cheupe hiyo kofia huiuzi tena. Nikeli nayo kuna ngozi inaziwasha. Ya wifi imesalimika, alhamdulillahi.

Kulikuwa na kosa jingine, na hili subana yoyote isingelitibu. Fundi alipoishika sindano ya wifi aliigeuza akauliza uzi gani anaotumia. Sindano ilikuwa nambari 10, nyembamba, na uzi ni wa pamba uliokunjwa mara mbili. Kwenye sindano za mkono nambari ikipanda sindano inapungua, na kazi ya sindano si kutoboa tu, ni kuuachia uzi nafasi ya kupita. Tundu likiwa dogo kuliko uzi, kila mshono unaburuza, na mkono unalipa kwa kusukuma zaidi. Wifi alichagua nyembamba akidhani nyembamba hupita kwa urahisi. Kwa kitambaa, naam. Kwa uzi wake, hapana. Akashuka hadi nambari 8, na msukumo ukawa nusu ya ule wa kwanza, kwa maneno yake. Sindano zenyewe anazibadilisha sasa kila anapomaliza duara la juu, kwa sababu jasho huzitia kutu ambayo macho hayaioni lakini kitambaa kinaihisi. Mwanzo alikuwa anazifuta kwenye nywele zenye mafuta, kama mama zetu. Inasaidia sindano iteleze, ila mafuta nayo yanahamia kwenye bafta. Kipande cha sabuni kavu ni bora, maana kitaoshwa pamoja na kofia.

Kuna jirani aliyependekeza kile kigozi cha kiganjani chenye kibati, wanachovaa washona matanga. Alikuwa na hoja, turubai la tanga halisukumiki kwa kidole, linataka kiganja kizima. Wajapani nao wana subana ya kiganjani kwa ushonaji wao wa sashiko, ila huko sindano ni ndefu na hujazwa mishono mingi kwanza, kisha husukumwa kwa pamoja. Kiua cha kofia hakina urefu huo. Kipande cha gozi laini kilichoshonwa kama kidole cha glavu kingefaa zaidi, na wifi alikijaribu kwa siku mbili wakati kovu bado bichi. Alikisifu kwa ulaini. Kwenye tabaka mbili za bafta, sindano ikaanza kukipenya.

Kujifunza kulichukua muda kuliko nilivyodhani. Ingawa mkono wake tayari ulikuwa unasukuma kwa ubavu, ulikuwa umejifunza kukwepa maumivu: akikaribia kusukuma, kidole kinanyooka chenyewe na kuhamishia mzigo kwenye ncha. Fundi alitwambia mwalimu wake alimfunga kidole cha kati kwa utepe kikae kimekunjwa siku nzima, ale nacho, alale nacho. Baadaye nikajua kwamba hata wanagenzi wa mafundi suti wa Uingereza wamefundishwa hivyo. Wifi hakukubali kufungwa, ana watoto wa kuogesha. Akachagua njia yake: kuivaa hata akiwa hashoni. Alichambua mchele nayo, akafuma ukili nayo, siku moja akaja kunifungulia mlango nayo. Wiki ya kwanza alikuwa mzito kuliko alivyokuwa na kidole kitupu, na alinisema sana kwa hilo. Wiki ya pili akaacha kunisema. Kofia mbili zilikwisha kabla ya Idi, ya tatu ikakabidhiwa siku ya Idi Mosi watu wamekwishatoka kuswali, na mwenye ya nne akakubali kusubiri hadi Mfungo Tatu.

Lililobaki ni mkono wa kushoto. Chini ya kitambaa kidole cha shahada kinaingoja ncha ya sindano, kinaihisi ikitokeza, kinairudisha. Kimejaa vidoa kama ungo uliotoboka, na mara mojamoja tone la damu hupanda juu. Damu hiyo huondoka kwa maji ya baridi ikiwa bado mbichi. Ukiitia maji ya moto umeipika ndani ya nyuzi. Nilimletea kigozi chembamba cha kuvaa huko chini, akakirudisha siku ileile.

"Huku chini ndiko ninakoona," akasema. "Ukiniziba na huku, nitashona kwa nini?"

Sina jibu, na sijamsumbua tena. Anabandika plasta nyembamba kazi ikiwa ndefu, basi. Nimemtaka tu aangalie kama sukari yake iko sawa, kwa kuwa mama yake anayo, na mtu wa sukari asiyehisi vidole vyake vizuri hapaswi kuchezea sindano namna hiyo. Alienda kupima. Iko sawa.

Ile ya 16 yenye kichwa nimeichukua mimi kwa mapindo yangu. Ya fedha imerudi kwenye kopo la vifungo, na mdogo wangu hajaambiwa. Juzi nilimkuta binti yao, ana miaka tisa, ameivaa na inamzunguka kama kengele, anajaribu kuzungushia uzi kwenye kipande cha bafta kilichobaki. Tukampima palepale. Milimita 44. Mjini nilikozungukia hawana ya 14 isiyo na kichwa, bado natafuta.